Barua kutoka Gjógv

Somo yangu mpenzi,

Salamu sana, na wote hapo nyumbani wasalimie, bibi kwanza. Uliuliza watu wa Visiwa vya Faroe wanaishije kwenye upepo na baridi vile. Nikujibu kwa Gjógv, kijiji cha kaskazini mwa kisiwa cha Eysturoy, nilipo wiki hii.

Hawa hawakuchagua ardhi, walichagua diko, pa kupandishia mashua. Mwamba wa pwani umepasuka, na ufa wake, wenye urefu wa kama mita 200, umekuwa bandari. Humo ndimo walimoingiza mashua kwa makasia, kisha wakazivuta hadi juu mtelemkoni, maana kuiacha mashua majini ni kuipoteza. Siku hizi kuna winchi, lakini mtelemko ni uleule.

Visiwa hivi viko chini ya Denmark, na ukiritimba wa biashara wa mfalme wa huko ulifutwa mwaka 1856. Mwaka 1872 watu wa Faroe wakanunua jahazi la kwanza la uvuvi, na baadaye mengi makuukuu kutoka Uingereza, wakavua hadi Iceland. Chewa wa bahari ya baridi (cod) wakatiwa chumvi na kuanikwa juu ya mawe, kazi ya wanawake; ng'onda kabisa, somo, ila jua lenyewe la kubahatisha. Chewa huyo alilisha vijiji, na bahari ikadai wanaume. Karibu na ufa pana sanamu ya mama na watoto wakitazama baharini, na majina ya waliozama. Niliyasoma moja moja, nikawaombea.

Meli za leo haziingii ufani. Ziko kwenye bandari kubwa za Fuglafjørður na Klaksvík, na ajira zimezifuata. Uvuvi ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, maelfu walihama, wengi wakaenda Denmark, na nchi nzima hata leo ina watu kama 54,000 tu! Gjógv wamebaki makumi machache, na nyumba nyingi hufunguliwa kiangazi.

Tangu Desemba 2020 kuna handaki la kilomita 11 chini ya bahari, kutoka Eysturoy hadi upande wa Tórshavn, mji mkuu. Wapo wanaoona njia kama hizo huwahamisha watu. Mimi sikubali: anayefanya kazi mjini sasa anaweza kurudi kulala kijijini. Hofu yangu ni nyumba. Mwenye nyumba ya likizo hana haraka ya kumuuzia kijana anayetaka kuoa na kukaa.

Wewe unayeshinda na wavuvi wa kwetu, niambie: vijana wetu wangepata barabara nzuri, wangerudi dikoni, au wangeipita tu kwenda mjini? Nijibu kwa urefu.

Somo yako akupendaye