Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: daftari la mama mdogo

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba.

Mama yangu mdogo alikatwa titi kwa sababu ya saratani, akamaliza dawa zake hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, akarudi shambani. Miaka miwili alikuwa mzima, mwili umemrudi, tukamshukuru Mungu. Msimu wa korosho ulipofika akaanza kuamka na kichwa kinamgonga, anatapika kabla hata ya uji. Jua likipanda anapata nafuu. Zahanati wakamwandikia malaria. Aliporudi, UTI. Aliporudi tena, malaria. Siku moja nikamkuta uani anabangua: korosho zinamponyoka mkono wa kulia na yeye hana habari, anaendelea kuongea. Jioni ile akaanguka kama mwenye kifafa. Majirani wakasema mashetani, wiki nzima ikaishia kwa mganga wa kienyeji.

Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuugua saratani. Daftari alilokwenda nalo lilikuwa jipya. La zamani, lenye habari zote za titi, lilijaa, likabaki sandukuni.

Ni daktari wa Dar aliyenifungua macho: saratani ya titi ilikuwa imefika kwenye ubongo. Seli za saratani hubanduka kwenye titi zikasafiri na damu. Mishipa midogo ya ubongo ina ukuta unaochuja kila kinachoingia, lakini seli chache hupenya. Nyingi hufia humo, maana seli za ubongo ziitwazo astrositi huzishambulia. Zinazosalia huwageuza walinzi haohao kuwa walishaji wao. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alieleza jinsi saratani inavyosambaa kwa mfano wa mbegu na udongo, na sisi wakulima tunaelewa upesi. Kinachoota kichwani ni saratani ileile ya titi. Ukuta uleule huzuia dawa nyingi, ikiwemo trastuzumabu, dawa ya saratani ya aina ya HER2, zisifike za kutosha, kwa hiyo kifua kinaweza kuwa safi wakati kichwani hali ni mbaya. Wenye saratani hiyo ya HER2, yaani yenye protini ya jina hilo kwa wingi, iliyokwisha kusambaa ndio wa kuangaliwa hasa, pamoja na wale ambao saratani yao haina hata kimoja cha vipokezi vitatu, viwili vya homoni na hicho cha HER2. Na fuvu halitanuki: uvimbe ukikua shinikizo hupanda, mtu akilala hupanda zaidi. Ndicho kile kichwa cha alfajiri.

Ndugu Mganga Mkuu, naomba uagize jambo moja kwa zahanati na vituo vyote vya mkoa. Mgonjwa akianza daftari jipya, ukurasa wa kwanza uandikwe magonjwa yake makubwa ya nyuma. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya titi akija na kichwa kisichoachia, kutapika asubuhi, kifafa cha ghafla au mkono uliolegea, apewe rufaa ya kipimo cha CT, picha ya kichwa, siku hiyohiyo, hata kama miaka imepita. Ipo pia dawa ya deksamethasoni, inayopunguza kuvimba kwa ubongo. Daktari akiona inafaa, mgonjwa aianze kabla ya safari. Mama mdogo alisafiri bila dawa hiyo. Njiani kwenda Dar, kutoka Mingoyo hadi Kibiti, nilimshikia mfuko akitapika.

Alipigwa mionzi, kichwa kikatulia, akaishi miezi saba akiwatambua watoto wake. Madaftari yote mawili ninayo. Lile jipya lina kurasa tatu tu zilizoandikwa: malaria, UTI, malaria.

Wako,
Mkulima wa korosho, Tandahimba