Mzee wa baiskeli, wabeja sana

Mzee uliyepita Mabatini, hapa Mwanza, Jumamosi ile na madumu mawili ya maji kwenye keria, kama kuna mjukuu wako atakusomea hapa: wabeja sana, asante sana kwa Kisukuma chetu.

Ulinikuta uani, injini ya Land Rover ya marehemu baba iko juu ya matairi, kopo la rangi limeshafunguliwa. Nilikuwa nimeifuta kwa kitambaa chenye petroli nikaona imetosha. Ulipitisha kidole chini ya pampu ya maji, ukanionyesha oili nyeusi. "Kijana, rangi hii itabanduka kabla hujafika Kisesa."

Ukaegesha baiskeli. Tuliziba kwa vitambaa matundu yote, ya plagi na ya hewa, vumbi la msasa lisiingie kwenye silinda. Ikaja dizeli, brashi ya waya, kisha sabuni ya unga na maji, tena na tena, mpaka chuma kikaonekana. Maji yenyewe yalikuwa yako! Nilishtuka dumu limeshaisha.

Rangi yangu ilikuwa ya mabati (usinicheke tena), ukanirudisha dukani nikachukue inayohimili joto. Manifoldi ya eksozi, ile ya kutolea moshi, tukaiacha bila rangi. Tukapiga mikono miwili myembamba ya rangi. Wa tatu ukaukataza, unyevu wa ziwa ulishaanza kupanda. "Subiri jua la kesho."

Kesho yake nilimalizia peke yangu. Jina sikukuuliza. Dumu lako moja ulilisahau, liko kwangu, limejaa.