Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: Huo mnaouita uchafu ndio ufukwe wenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mtu wa mashua. Asubuhi nawapeleka wageni mwambani kuogelea na kutazama samaki, mchana nawarudisha wamebabuka kwa jua na wanacheka. Kwa hiyo usije ukadhani barua hii imetoka kwa mtu asiyewataka watalii. Watalii ndio wanaonisomeshea watoto.

Wiki iliyopita mchoro wa mradi wa kupendezesha ufukwe wetu ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na binti yangu anayejua mambo ya vipimo. Nimeona ukuta wa zege kandokando ya mchanga wote, na juu yake njia ya matembezi. Nimeona taa nyeupe za kuwaka usiku kucha, na trekta la kuzoa "takataka za bahari" kila alfajiri. Nimeona pia vichochoro viwili tunavyoshukia pwani vimepigwa mstari mwekundu, kwamba vitafungwa ili wageni wapate faragha. Limo na suala la vibanda vya wachuuzi, lakini hilo nawaachia wenyewe, midomo wanayo.

Naanza na trekta, maana ndilo lililoniuma zaidi ingawa wenzangu wanaliona dogo.

Ukishuka pwani alfajiri baada ya usiku wa upepo, utakuta mstari mrefu wa majani ya bahari, mengine ya kahawia, mengine bado mabichi, yamelala pale maji yalipoishia. Yananuka kidogo, sikatai. Mgeni aliyezoea picha za mchanga mweupe mtupu huniuliza kwa nini hatusafishi. Basi inama, Mheshimiwa, ulifunue rundo moja kwa mkono wako. Chini yake mchanga ni wa baridi na una unyevu hata saa sita ya mchana. Vidudu vidogo vitaruka huku na huku kama viroboto, na kaa mmoja au wawili watakimbilia mashimo yao. Ndege wa pwani wenye miguu mirefu, wale wanaosafiri maelfu ya kilomita kukimbia baridi ya kwao, hula hapo hapo. Mchanga uliofagiliwa hawaugusi, wafuate nini? Halafu upepo ukivuma, chembe za mchanga hunasa kwenye majani hayo, zinajilimbikiza, mmea wa mlakasa unapata pa kutambalia, na mizizi yake inaushika mchanga usiende zake. Trekta likipita linachota majani na mchanga kwa pamoja. Kidogo leo, kidogo kesho, mwaka mzima, kisha tutaitwa mkutanoni kuambiwa ufukwe umeshuka na fedha za kuujaza hazipo.

Chupa za plastiki, vipande vya nyavu, kandambili za mguu mmoja mmoja: hizo ni takataka kweli, na tunaziokota kwa mikono. Tunakwama kwenye kuziondoa. Mara mbili tumejaza magunia, tukayapanga chini ya mvinje kungoja gari, gari halikuja, bahari ikaja. Asubuhi yake tuliokota takataka zile zile. Fedha ya trekta ingetosha kabisa kutuletea gari mara moja kwa wiki.

Sasa ukuta. Aliyeuchora, nadhani, aliuona ufukwe siku moja tu, akauchukulia kuwa ni kitu kilichotulia kama uwanja wa mpira. Mchanga wetu unasafiri. Kuna miezi mawimbi huusukuma upande wa mikoko mpaka miamba ya huku inabaki wazi kama meno, kisha upepo unageuka na mchanga unarudi. Sisi tumezoea, mashua tunazihamisha. Wimbi likipanda mchanga wenye mteremko linachoka lenyewe. Likigonga zege linarudi na nguvu zake, linachimba mguu wa ukuta na kuondoka na mchanga. Baada ya miaka kadhaa ukuta unabaki na maji yamesimama chini yake hata yakiwa yamepwa nusu, na mchanga mkavu wa kutandika taulo hakuna. Na pale ukuta unapoishia, jirani ndipo anapoanza kulia, kwa sababu maji yanazunguka ncha yake na kula kiwanja chake. Jirani huyo naye ataomba ukuta.

Na mchanga wenyewe unatoka wapi? Mwingi wa mchanga huu mweupe umetoka mwambani. Ni matumbawe, makombe na viumbe vingine vya bahari vilivyosagika. Pono peke yake, yule samaki mwenye mdomo kama kasuku, anatafuna mwamba akitafuta mwani, anameng'enya anachokitaka, na kinachobaki anakitoa nyuma kikiwa mchanga laini. Huwa nawaambia wageni hivyo wakiwa wamekaa mchangani, nao hucheka na kujipangusa. Mwamba huo huo ndio unaovunja mawimbi kabla hayajatufikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo kutoka bahari mbalimbali duniani, ulikuta kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Kwa hiyo ukuta tunao tayari, uko majini, na hakuna mkandarasi aliyelipwa kuujenga.

Hapa nina la kukiri. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa natupa nanga juu ya matumbawe. Nilikuwa na haraka, wageni wanataka kuzamia, na mwamba ni mpana, nikijiambia kidonda kimoja hakitaonekana. Siku moja niliingia majini kuinasua nanga iliyokwama nikakuta pameparuzwa duara zima, vipande vyeupe vimetapakaa chini kama vyungu vilivyovunjika, na tumbawe nililoling'oa lilikuwa kubwa kuliko mimi. Tumbawe la aina ile huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka, na lilikuwapo kabla mimi sijazaliwa. Tangu siku hiyo natafuta mchanga wa kutia nanga, lakini mashua sasa ni nyingi na mchanga hautoshi. Tunahitaji maboya ya kufungia mashua, kumi au kumi na mawili yatatosha kwa kuanzia. Kwenye mchoro wenu sijaona hata moja. Maji yakizidi joto matumbawe yanapauka, kama ilivyotokea katika bahari nyingi mwaka 1998, mwaka 2016 na tena kuanzia 2023, na joto hilo wewe na mimi hatuwezi kulizima kutoka hapa. Nanga tunaziweza.

Kuhusu taa nitakueleza usiku mmoja tu. Nilikuwa na wageni wanne, tumekaa kimya gizani, kasa akatoka majini. Alikuwa mkubwa, anajiburuta, anapumua kwa nguvu mpaka tunamsikia. Mgeni mmoja alitaka kumwona vizuri, nami kwa kutaka kumridhisha nikawasha tochi. Kasa alisimama. Akageuka, polepole vile vile, akarudi baharini na mayai yake tumboni. Wageni walifurahi, walidhani ndivyo ilivyo. Mimi sikuwaambia kitu. Kasa huchukua miaka 20, 30 au zaidi kufikia umri wa kutaga, kisha hurudi kwenye pwani za eneo alikoanguliwa. Mimi nikamfukuza kwa tochi ya betri mbili.

Ninyi mnaleta taa za nguzo. Vifaranga vya kasa vikitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga, na kwa asili upande huo ni bahari. Pakiwa na taa nyuma yao hukata kona na kwenda bara. Mwaka jana niliviokota vifaranga kumi na saba kwenye mfereji wa maji, chini ya geti lenye taa mbili kali, vingine tayari vimekaushwa na jua. Nilivihesabu kwa sababu nilivibeba ndani ya kofia. Sisemi watu watembee gizani. Taa fupi, zenye kifuniko juu, mwanga wa rangi ya chungwa unaoangaza miguu tu, na zizimwe upande wa bahari msimu wa kuangua, zinatosha na ni nafuu kwa umeme. Na msiikate miti ya juu ya mchanga, maana kivuli kina kazi yake: joto la mchanga ndilo linaloamua vifaranga vitakuwa vya kiume au vya kike, na ukipita nyuzi joto 29 hivi, wengi huwa wa kike.

Vichochoro navyo vina hesabu yake, na hesabu hiyo haisomeki kwenye saa ya ukutani. Wanawake wanaokwenda mwambani kutafuta pweza hufuata mwezi. Siku za maji mafu, bahari isipopwa mbali, hawana safari. Bamvua likija, maji yanapwa mbali, na wana muda wa saa mbili, tatu kwa bahati, kabla ya kuanza kurudi wakiwa wamelowa mpaka kiunoni. Nilitembea kutoka kisimani hadi ufukweni kwa njia ya kuzunguka mliyoichora, bila mzigo, nikatumia dakika thelathini na tano. Kwa kichochoro ni dakika sita. Sasa mpe mama mwenye umri wa miaka sitini ndoo na kijiti, umwambie azunguke kwenda na kurudi, uone pweza wangapi watabaki kwenye hesabu yake. Na usiku bahari ikichafuka, mtu akiletwa ufukweni ameumia, tutampitisha wapi? Kwenye mapokezi ya hoteli?

Jambo hili wengine walishaliona. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ni kauli nzuri, ila kama njia ya kuifikia ardhi hiyo imezibwa, umma utaitazama kupitia nyufa za ua. Ndiyo maana tunaomba vichochoro viandikwe kwenye ramani kama njia, kwa upana wake, kabla ya kibali cha jengo lolote. Kwa upande wetu tuko tayari kujibana. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa, na ulipofunguliwa pweza walikuwa wamekua. Vijiji vingine vikaiga. Wanawake wetu wanalijua jambo hilo na wameshalizungumza. Lakini nani atakubali kufunga mwamba ambao kesho hataruhusiwa kuufikia?

Kuna jambo moja ambalo mchoro haukuligusa kabisa, nalo ni maji taka. Vyumba vinaongezeka, choo kinaelekea wapi? Kisiwa cha Boracay huko Ufilipino kilifungwa kwa watalii miezi sita mwaka 2018, hasa kwa sababu ya maji machafu yaliyokuwa yakimiminwa baharini. Mwaka huo huo Thailand iliifunga Maya Bay, ghuba ndogo iliyokuwa ikipokea watu elfu kadhaa kwa siku, na haikufunguliwa mpaka Januari 2022. Ilipofunguliwa idadi ya watu iliwekewa kikomo, kuogelea kulikatazwa, na mashua zikahamishiwa upande wa nyuma wa kisiwa. Papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi walikuwa wamesharudi. Sisi wenye mashua, Mheshimiwa, tukifungiwa miezi sita tu tutauza mashua. Afadhali mtuwekee kikomo leo tugombane sasa, kuliko kufuli kesho.

Najua mradi una fedha na fedha zina tarehe. Sijaja kuomba zirudishwe zilikotoka. Ukuta uondolewe, majengo yasogezwe nyuma ya mlakasa na mivinje, fedha ya zege iende kwenye mfumo wa maji taka na maboya. Njia ya matembezi iwe ya mbao, nyuma ya miti, kivuli kiko huko na wageni watakipenda. Hayo mengine wataalamu wako watayapanga kuliko mimi.

Ila kabla ya kutia saini, njoo. Usije na msafara, na usije saa sita mchana maji yakiwa yamejaa, maana utaona kile kile alichokiona mchoraji. Njoo siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua likiwa limeshika. Nitakutumia saa maji yanapoanza kupwa. Vaa viatu usivyovijali, kwa sababu tutatembea kwenye majani ya bahari mpaka ukingo wa mwamba pamoja na kina mama, na kurudi kwetu tutapita kichochoro cha kwanza, kile kilichopigwa mstari mwekundu. Usiku tutakaa mchangani bila taa. Kasa siwezi kukuahidi. Nitakungoja chini ya mvinje, pale pale magunia yalipokuwa.

Wako mtiifu,
Mtu wa mashua