Kinyago cha Darasa la Saba, kosa la Darasa la Kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka 36, na kati ya hiyo 29 nilikuwa Darasa la Kwanza na la Pili. Wenzangu walizoea kunitania kwamba nitastaafu bila kujua sehemu na desimali zinafundishwaje, na kweli nimestaafu mwaka 2024 nikiwa bado kwenye ba, be, bi, bo, bu. Sasa ni mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwetu, na kwa ujumbe huo nilialikwa kwenye kikao cha wadau wa elimu cha halmashauri yetu. Halmashauri siitaji jina. Waliokuwapo wataijua.

Ukumbini walikuwa wametundika bango kubwa: lengo la wilaya, ufaulu wa Darasa la Saba asilimia 95. Chini yake mikakati: kambi za kujisomea, mitihani ya ujirani mwema kila mwezi (shule jirani kubadilishana mitihani), mtihani wa utimilifu wa wilaya (wa majaribio), kila mwalimu mkuu kutia saini mkataba wa ufaulu. Shule zilizofanya vizuri zikapewa vyeti, mwalimu mmoja wa Hisabati akapata godoro. Halafu likaja lile tulilokuwa tukiliogopa. Kikatolewa kinyago, cha mti mweusi, macho yamemtoka, mdomo umepinda upande. Mwalimu mkuu wa shule iliyoshika mkia akaitwa mbele akipokee. Ukumbi ukacheka, naye akacheka, maana angefanyaje. Nilimkuta baadaye kituo cha bodaboda amekikumbatia, uso wa kinyago kaugeuzia tumboni kwake ili watu wasiuone. Yule binti nilimpokea mimi alipoajiriwa. Shule yake ina walimu saba, yeye mwenyewe akiwamo.

Kinyago nitakirudia. Kwanza niseme juu ya bango.

Mwalimu mkuu akishatia saini asilimia 95, jambo la kwanza analofanya akirudi shuleni ni kupanga upya walimu. Anayeweza Hisabati anapelekwa la saba. Anayeweza Kiingereza, la saba. Darasa la Kwanza atapewa nani? Aliyebakiza miezi miwili aende likizo ya uzazi, anayesubiri uhamisho, anayegombana na mwalimu mkuu, au mimi. Nimeliona hili miaka yote, chini ya walimu wakuu wazuri na wabaya, kwa hiyo simlaumu mtu. Anayepimwa kwa mtihani wa Septemba atapeleka nguvu zake Septemba. Na kambi ikianza, hata yule mmoja aliyebaki na watoto wadogo anaitwa kusaidia. Mwaka mmoja nilipangiwa zamu ya usiku kambini, wazazi wakileta mahindi na maharage, watoto wakilala kwenye mikeka darasani. Asubuhi nikasinzia mbele ya Darasa la Kwanza lenye watoto 147.

Hiyo 147 si chumvi. Ulikuwa mwaka 2016, elimu bila malipo imeanza Januari ile, na wazazi waliokuwa wakiwaficha watoto kwa sababu ya michango wakawaleta wote kwa mpigo. Nilifurahi, tusisahau hilo. Lakini naomba msomaji apige hesabu pamoja nami. Ili ujue kama mtoto anasoma, ni lazima umsikilize peke yake, walau dakika moja. Watoto 147 ni dakika 147. Kipindi ni dakika 30. Vipindi karibu vitano vinaisha kwa kumsikiliza kila mtoto mara moja tu, na wengine wote wakati huo wanapigana penseli. Kwa hiyo kila mtoto nilimsikiliza mara moja kwa wiki, nikibahatika.

Na kumsikiliza kwenyewe kuna ujanja wake, maana watoto wanatudanganya bila kujua kwamba wanadanganya. Mtoto anafungua ukurasa, anasoma "Mama anapika ugali" bila kukwama, mgeni akipita anapiga makofi. Mimi nilikuwa nafunika picha kwa kiganja. Sufuria ikishafichika, mtoto kimya. Alikuwa anasoma picha, au ameshika wimbo wa darasa zima. Ukimwonyesha kidole kwenye neno la katikati, "anapika", anaanza tena kutoka "Mama" ili wimbo umfikishe. Mwingine anazimaliza silabi za konsonanti moja vizuri kabisa, baba, kaka, dada, ukimpa "mbwa" anakodoa macho. Ukimpa "kunywa" anakuomba ruhusa aende chooni. Mtoto wa namna hii anahitaji mtu wa kukaa naye wiki mbili juu ya mbwa, mbwe, mbwi. Asipompata Darasa la Pili, nawaambia kwa uzoefu, hatampata tena. Darasa la Tatu mwalimu anaandika ubaoni na kuendelea na mada.

Sasa tunasema ufaulu. Mwaka 2012 waliofaulu Darasa la Saba nchi nzima hawakufika hata asilimia 31. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na malengo yake nayakumbuka kama sala: asilimia 60 mwaka ule, 70 mwaka 2014, 80 mwaka 2015. Mwaka 2013 tukapata kama 51, mwaka 2015 kama 68. Ile 80 tuliivuka mwaka 2019, na tangu hapo tunazunguka palepale, mwaka huu tunapanda kidogo, mwaka ule tunashuka kidogo. Ni maendeleo, siyakatai. Ila wazazi wengi hawajui kwamba kufaulu maana yake ni kuanzia alama 121 kati ya 300. Tena sehemu kubwa ya mtihani ni kuchagua herufi ya jibu na kuiweka kivuli kwa penseli ya HB. Kambini tulikuwa tukiwafundisha hata namna ya kubahatisha. Mtoto asiyejua kusoma vizuri anaweza kutoka na C yake, na kwenye bango la wilaya anahesabiwa sawasawa na mwenye A.

Hapa naomba nikiri jambo, Mhariri, maana sina haki ya kuwasema wengine nikajiacha mimi.

Wakati wa pilikapilika zile za Matokeo Makubwa ililetwa fomu shuleni: ni wanafunzi wangapi wa Darasa la Pili hawajui kusoma, kuandika na kuhesabu? Nilikuwa nao 23. Nilimpelekea mwalimu mkuu. Akaitazama fomu, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, hii ikifika wilayani tutaitwa. Tuandike sita." Nikaandika sita. Kumi na saba nikawafuta kwa kalamu yangu mwenyewe, na kwa kuwa hawakuwapo kwenye karatasi, hakuna aliyeleta msaada kwa ajili yao.

Mmoja wao ni kijana wa bodaboda anayenibeba kwenda sokoni kila Jumamosi. Ana adabu, anashuka kwenye pikipiki ndipo anaamkia: shikamoo mwalimu. Darasa la Saba alimaliza, sekondari hakuchaguliwa. Nikimtumia ujumbe kwenye simu hajibu, ananitumia sauti. Nilidhani ni uvivu wa vijana. Siku moja aliniachia simu yake nimshikie wakati anabadilisha tairi, ikaita, nikaona hakuna majina. Kila mtu ni picha. Fundi wake ni spana, mama yake ni ua, mteja wa dukani ni mfuko. Nikajipigia nione mimi ni nini. Kikatokea kitabu.

Sikulala vizuri usiku ule.

Turudi kwenye bango. Nasikia wasomaji wengine wakisema, mwalimu, mambo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, serikali iliyashughulikia zamani. Ni kweli. Mtaala wa mwaka 2015 uliamua kwamba Darasa la Kwanza na la Pili asilimia 80 ya muda iwe ya KKK hizo. Tuliletewa vitabu, tukapelekwa mafunzo tukafundishwa kuanza na sauti ya herufi kabla ya jina lake, na ilisaidia, niliona kwa macho yangu. Upimaji wa Darasa la Pili nao upo. Lakini matokeo yake yanaishia kwenye faili. Sijawahi kuona mwalimu wa Darasa la Pili akipewa godoro.

Lipo na jingine ambalo kikaoni hakuna aliyeligusa. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na elimu ya lazima ni miaka 10, hadi kidato cha nne. Walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule litakapomaliza Darasa la Saba la mwisho. Maana yake, mtihani tunaoufungia mikataba na kuuchongea vinyago unaelekea ukingoni. Chujio linaondoka. Mtoto ataendelea kidato cha kwanza, awe anajua kusoma au hajui, na huko atakuta masomo kwa Kiingereza. Yule wa "mbwa" atafika kwa mwalimu wa Baiolojia. Bango la asilimia 95 litamsaidia nini mwalimu huyo?

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri yetu, na kwa nyingine zenye bango kama lile, ni kwamba lengo la kwanza liwe hili: kila mtoto anayemaliza Darasa la Pili asome ukurasa ambao hajauona kabla na aweze kueleza alichosoma. Kulipima hakuhitaji fedha nyingi. Shule inapata ruzuku ya Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo Sh4,000 ni ya vitabu, zinazofika shuleni ni Sh6,000. Shule ya watoto 600 ina Sh300,000 kwa mwezi kwa kila kitu, chaki hadi kufuli la choo, na mitihani ya kila mwezi inazila kwa karatasi. Mimi nazungumzia ukurasa mmoja uliochapwa, na simu ya mwalimu ya kuhesabia dakika. Ujirani mwema tunao tayari. Badala ya kubadilishana mitihani ya la saba peke yake, mwalimu wangu wa Darasa la Pili aende shule ya jirani awasikilize watoto wao mmoja mmoja, wa kwao aje kwetu. Darasa la watoto 60 siku mbili zinatosha, hata kwa kufunika picha. Na mwalimu aliyepangwa Darasa la Kwanza asiguswe mwaka mzima. Kambi isimwite. Kama shule ina mwalimu mmoja hodari kuliko wote, najua watu watacheka, huyo ndiye awe Darasa la Kwanza.

Uji wa saa nne nitauachia mwingine auandikie, ingawa nao una barua yake.

Ila kinyago kibaki nje. Hapa nasisitiza, kwa sababu nawajua walimu, na najijua mimi. Siku mtakayotangaza kwamba shule yenye wasiojua kusoma wengi Darasa la Pili itapewa kinyago, mwakani hamtampata asiyejua kusoma hata mmoja. Wote watafutwa kwa kalamu, kama kumi na saba wangu. Mwalimu akisema ninao 23, aulizwe anahitaji nini: msaidizi, vitabu, au mwenzake aliyefanikiwa aje akae naye wiki moja. Afisa elimu wetu si mtu mbaya. Najua naye anaitwa mkoani, na mkoa unaitwa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kila ngazi ina karatasi yake ya asilimia. Lakini yeye ndiye mwenye ukumbi na bango, anaweza kuanza na mstari mmoja tu wa nyongeza.

Yule mwalimu mkuu nilimpigia simu wiki iliyofuata. Nikamuuliza kinyago amekiweka wapi. Akasema maelekezo ni kikae ofisini mahali pa wazi hadi kikao kijacho, yeye amekifunika kanga. Nikamuuliza tena, Darasa la Kwanza anafundisha nani. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwalimu, kwa sasa halina mtu. Aliyekuwapo nimemhamishia la saba."

Kijana wangu wa bodaboda anakuja nyumbani Jumapili jioni, baada ya kuosha pikipiki. Hataki watu wajue, kwa hiyo tunakaa uani, na mtu akipita anajifanya ananirekebishia redio. Juzi tumemaliza "mbwa". Jumapili hii tunaingia "kunywa".

Mwalimu mstaafu,
Mkoa wa Tanga