Usifute Windows kwanza: barua kuhusu gemu inayojifunga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma, ile ya gemu inayojifunga na wewe kutaka kufuta Windows, na kabla ya lolote nakusihi usiifute. Kama ugonjwa uko kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au kwenye umeme, gemu itaendelea kujifunga vilevile, na ushahidi wote utakuwa umeutupa kwa mikono yako.

Umesema tu kwamba gemu "inakufa". Inakufaje? Ikijifunga yenyewe na kukurudisha kwenye Windows huku programu nyingine zikiendelea, washukiwa ni faili za gemu, draiva (programu inayoendesha kifaa) au RAM. Skrini ikiwa nyeusi kwa muda, kisha picha ikarudi na gemu haipo, basi draiva ya kadi ya picha imegoma: Windows huipa kadi sekunde 2 za kujibu, ikinyamaza zaidi ya hapo huiwasha upya kwa nguvu. Lakini kompyuta nzima ikizimika ghafla, bila hata skrini ya bluu, achana na faili za gemu. Tazama pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), nyaya na joto.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Utaona grafu ya siku kwa siku yenye alama nyekundu za X. Fungua ile ya siku gemu ilipojifunga, usome jina la moduli iliyokosea, yaani faili ya programu ambamo kosa lilitokea, na msimbo wa kosa. Moduli ikianza na nv, kwa mfano nvwgf2umx.dll, hiyo ni draiva ya Nvidia. Ikiwa kila mara ni faili ileile ya gemu, gemu yenyewe ina kasoro au kuna modi (nyongeza uliyoiweka kwenye gemu) inayoivuruga. Ila moduli zikibadilika kila siku, na msimbo ni 0xc0000005, mimi naanza na RAM. Usihangaike na ntdll.dll, faili ya Windows yenyewe; kosa hujitokeza hapo tu, mara nyingi limezaliwa kwingine.

Kwa njia ileile fungua pia eventvwr, orodha ya matukio ya Windows, sehemu ya rekodi za mfumo. Watu wengi wakiona tukio namba 41 la Kernel-Power hukimbilia kununua pawasaplai mpya. Hilo si sawa. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Haisemi kwa nini. Linalopaswa kukushtua ni tukio lenye jina WHEA-Logger, maana hapo ni kifaa chenyewe kinachoripoti kosa: prosesa, RAM au nafasi ya kadi.

Kuhusu RAM nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uzime XMP, mpangilio unaoongeza kasi ya RAM, au EXPO kama ubao mama wako ni wa AMD wenye RAM ya DDR5. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 haianzi na kasi hiyo yenyewe. Bila XMP hushuka hadi 2133 au 2666. Hiyo 3600 ni kasi ya kulazimishwa, na si kila prosesa huivumilia hata kama RAM ni nzima. Gemu ikitulia baada ya kuzima XMP, umeshapata jibu. Isipotulia, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uiwashe kompyuta kutoka humo na uiache imalize mizunguko yote 4 usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu RAM. Hapo jaribu kijiti kimoja kimoja, ukitumia nafasi ileile.

Draiva ni rahisi zaidi. Pakua mpya kwanza, kata intaneti ili Windows isijiwekee yake, ingia hali salama, safisha ya zamani kwa DDU (programu ya kuondoa draiva), kisha sakinisha. Toleo jipya likileta shida ambayo haikuwapo, rudi kwenye lililotangulia bila aibu.

Kama kompyuta huzimika hasa kwenye mapigano makali, weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Kuzimika kukiisha, mzigo ndio tatizo. Angalia kama kadi ya picha yenye matundu mawili ya pini 8 inalishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili. Kila tundu la pini 8 limepangiwa wati 150, kwa hiyo toa nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai. Joto lisome kwa programu ya HWiNFO gemu ikiwa inaendelea. Ukisoma baada ya kuifunga, namba zinakuwa zimeshashuka.

Na kama prosesa yako ni Intel Core ya kizazi cha 13 au 14 ya kompyuta ya mezani, sasisha BIOS leo. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikipata volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho. Dalili yake hupotosha sana: gemu hulalamika kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, ilhali ipo tele. Marekebisho huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa; hiyo ni ya kudai dhamana.

Mengine ni mafupi. Hakiki faili za gemu kupitia Steam, lakini nakili kwanza faili zinazohifadhi ulipofikia kwenye gemu. Ondoa modi zote. Zima programu zinazochora juu ya gemu. Faili ya kurasa ya Windows (sehemu ya diski inayosaidia RAM) iache ijisimamie; ukiizima, gemu kubwa hufa hata RAM ikiwa haijajaa.

Badilisha kitu kimoja, cheza kwa muda ambao kwa kawaida ungetosha gemu kujifunga, ndipo uguse kingine. Kisha niandikie jina la moduli, msimbo, na aina ya pawasaplai yako pamoja na wati zake.

Wako akupendaye,
Rafiki yako