Ebola ina dawa, naomba msituandikie kwamba haina

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi ni mtu wa maabara huku Bukoba, kutwa nzima nawatoa watu damu na kusoma vipimo, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa. Wiki iliyopita mlitoa habari ya magonjwa ya mlipuko na ndani mkaandika Ebola ni ugonjwa usio na tiba wala chanjo. Nimeirudia mara mbili nikidhani nimesoma vibaya. Mhariri, maneno hayo yalikuwa kweli zamani, sasa hivi si kweli, na mi naamini yanatuulia watu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Nianze na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo. Mwaka 1976 alikuwa daktari kijana, kasomea virusi Ubelgiji karudi nyumbani, serikali ya Zaire ikamtuma Yambuku, huko kaskazini, kwenye hospitali ya misheni ambako wauguzi na masista walikuwa wanakufa kwa homa isiyoeleweka. Akaanza kuwatoa wagonjwa damu kama tunavyofanya sisi. Hapa ndo kila nikisoma nasimama. Wenzangu wa maabara wanajua, ukichomoa sindano unaweka pamba, unamwambia mgonjwa kunja mkono, dakika mbili tatu damu imekata unaita mwingine. Yeye alichomoa sindano damu ikaendelea kutoka, haikati, ikamlowesha vidole na mkono mzima, na glavu hana. Akanawa kwa maji na sabuni. Mwaka ule waliugua watu 318 wakafa 280, na yeye Mungu alimnusuru. Akamshawishi sista mmoja aliyekuwa anaumwa wasafiri naye mpaka Kinshasa, damu ya yule sista ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na kirusi kikaonekana, ila kwa miaka mingi sifa zilienda Ulaya na Marekani.

Ebola ikarudi 1995 kwenye mji wa Kikwit, kulekule Kongo. Dawa hakuna, wagonjwa wamelala chini, na Muyembe akawaza hivi: hawa waliopona si miili yao imeshajua kupigana na hiki kirusi? Akachukua damu ya waliopona akawaongezea wagonjwa 8, wakapona 7. Wataalamu wa nje wakamwambia hiyo haithibitishi kitu kwa sababu hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kisayansi walikuwa na hoja, siwalaumu kwa hilo, lakini wazo halikustahili kuachwa, na yeye hakuliacha. Mwaka 2006, miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit akatoa damu, na kingamwili za Ebola, yaani zile protini za mwili zinazopigana na kirusi, zilikuwa bado zimo! Watafiti wa Marekani na Uswisi wakishirikiana na Muyembe na taasisi yake ya utafiti wa tiba, INRB, pale Kinshasa wakachambua seli za yule mtu mpaka wakaipata kingamwili moja yenye nguvu wakaiita mAb114. Kazi yake ni kukamata ile sehemu ya kirusi inayotumika kujishikiza ili kiingie kwenye seli, ikishakaa pale kirusi kinakosa pa kushika. Walipowapa nyani, hata waliochelewa siku tano baada ya kuambukizwa walipona.

Halafu Ebola ikaja Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, Agosti 2018. Beni, Butembo, Katwa, Mangina, watu wanaoongea Kiswahili hiki hiki. Kule kuna vita, vituo vya matibabu vikachomwa moto, daktari wa WHO akapigwa risasi akafa Butembo, na katikati ya hayo yote madaktari wa Kongo wakaendesha jaribio la dawa nne kwa wagonjwa 681, kila mgonjwa anapangiwa dawa kwa bahati nasibu ili safari hii asitokee wa kusema hakuna cha kulinganisha. Na jaribio lenyewe waliliita Pamoja Tulinde Maisha. Kwa Kiswahili! Majarida makubwa ya dunia yameandika jina hilo na mi sijawahi kuliona kwenye gazeti letu hata moja.

Agosti 2019 wakalisimamisha kabla ya muda kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Waliopata ile mAb114 walikufa kama 35 kwa kila 100, na dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, ilikuwa karibu hivyo hivyo, wakati dawa mbili zilizobaki walikufa karibu nusu. Lakini waliowahi, wale ambao kirusi kilikuwa bado kichache mwilini, kwa hizi dawa mbili nzuri walikufa kama 1 tu kati ya 10. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani 2020, ni dripu moja tu, mara moja basi. Chanjo nayo ipo, kulekule Kivu walichanjwa watu zaidi ya laki tatu.

Sasa kwa nini nasema maneno yenu yanaua. Mwaka 2023 Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ilipotufika hapa Kagera, alikuja mama mmoja na homa ya siku ya nne, midomo imekauka, anatembea kwa kushika ukuta. Nikamtoa damu, akakiangalia kile kichupa mkononi mwangu akauliza, "Mwanangu, hii mnaipeleka wapi?" Nikamwambia ni kipimo tu mama. Akasema alikaa ndani siku zote hizo kwa sababu amesikia homa hiyo ya mlipuko haina dawa, sasa aje hospitali kufanya nini. Ilikuwa malaria. Siku nne na malaria, mhariri.

Ni kweli hizo dawa ni za Ebola aina ya Zaire, ile ya Sudan iliyowapata Waganda 2022 haizisikii, na Marburg mpaka leo haina dawa iliyoidhinishwa, hilo liandikeni pia. Ila hata Marburg ukiwahi unaweza kupona, Rwanda 2024 waliugua 66 wakafa 15, na sababu mojawapo ni kwamba waliwahishwa, wakapewa maji na uangalizi wa karibu.

Ombi langu ni msahihishe, na si kwa mstari mmoja chini ya ukurasa wa matangazo, wekeni palepale habari ya kwanza ilipokaa. Semeni Ebola ya Zaire ina dawa mbili na chanjo, semeni moja imetoka kwenye damu ya mtu wa Kikwit, na semeni mwenye homa aende kituoni siku ya kwanza. Yule mama huwa anapita hapa kuchukua dawa za presha, mkiitoa nitamsomea.

Wenu,
Mtu wa maabara, Bukoba