Tazameni pale slabu inapokutana na nguzo, na mirunda isitolewe kwa pupa

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka huku Uyole. Mimi ni fundi seremala wa majengo, siyo wa vitanda na makabati, kazi yangu ni kufunga mbao za kumwagia zege la nguzo, bimu (mihimili ya zege inayobeba sakafu) na slabu (sakafu ya zege ya ghorofa), nimezunguka Mbeya mjini, Mafinga, Makambako, Njombe mpaka Tunduma kwa miaka 19 sasa. Naandika kwasababu ghorofa zinazidi kupanda huku kwetu na kuna sehemu moja ya jengo ambayo sioni mtu akiijali, sio mwenye nyumba, sio msimamizi, na mara nyingi ata sisi mafundi wenyewe. Ni pale slabu inapoizunguka nguzo.

Watu wakija saiti kabla ya zege wanaangalia nondo. Wanahesabu, wanapima nafasi kwa futi, wanauliza hii ni milimita 12 au 10, wakiridhika wanaondoka. Nondo lazima zikaguliwe, sipingi, ila hakuna anayeinama kuangalia kwa chini mbao zimekutanaje na nguzo. Na nguzo hiyo imeshamwagwa wiki mbili zilizopita, ina kona zilizolika, imevimba hapa na pale, ata kama uliipiga timazi vizuri bado utakuta upande mmoja ubao umebana na upande wa pili kuna mwanya wa vidole viwili. Sasa ni saa kumi na mbili jioni, giza linaingia, mikseri inawashwa kesho alfajiri, fundi amechoka, anachukua mfuko wa saruji uliokwisha, anaukunja, anauchomeka kwenye ule mwanya, anahamia nguzo inayofuata.

Zege likishamwagwa na vaibreta ya kulitikisa lishikane ikapigwa, uji wa saruji unatoroka kwa ule mwanya na kushuka na nguzo, kesho yake unauona umeganda kama nta ya mshumaa, na kule juu zinabaki kokoto tupu hazina cha kuzishika. Siku ya kuvua mbao unakuta matundu kama sega la nyuki na karatasi la mfuko limenasa humo humo ndani ya zege. Anaitwa fundi wa plasta, anapaka, ndani ya nusu saa hakuna tena anayejua kilichopo.

Na pale ndipo mzigo wote wa slabu unapopita kwenda chini jamani! Chukulia turubai la msibani lililojaa maji ya mvua, katikati linabonyea tu ila linachanikia pale linapokalia mti. Slabu nayo nguzo inataka kuitoboa. Kama kuna bimu nzuri zinaubeba ule mzigo na kuupeleka kwenye nguzo, lakini siku hizi wenye kumbi na fremu za maduka wanataka dari tambarare lisilo na bimu, hapo slabu inakaa moja kwa moja juu ya nguzo, ndo maana mchoro mzuri unaongeza unene pale kwenye kichwa cha nguzo na kujaza nondo za juu. Hizo nondo za juu nazo zinateswa sana, vijana wanapita juu yake na ndoo na toroli toka asubuhi, mpaka zege linawafikia zimeshalala chini sentimita tano, na nondo ya juu ikishalala chini haifanyi tena ile kazi iliyowekewa. Wekeni mbao za kupitia, na vile viti vya kuinulia nondo viwe vya kutosha, ni vipande vya nondo tu vilivyokunjwa.

Niseme sasa lililonifanya niandike. Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa kwenye jengo la ghorofa mbili, mji sitautaja. Mirunda, yaani ile miti inayoshikilia slabu kwa chini mpaka zege likomae, na mbao vilikuwa vya kukodi, kila siku inayopita ni hela, siku ya nane mwenye jengo akaja akasema toeni. Nikamwambia mzee kwa baridi hii zege bado changa, akajibu Dar wanatoa siku ya saba mbona majengo yamesimama. Nikakubali, na hilo ndilo ninalojilaumia mpaka leo. Tukaanza kutoa katikati tukielekea pembeni, tulipofika nguzo ya tatu nikasikia mlio mdogo, kama mtu kavunja kijiti kikavu. Nikapanda juu mbio. Kulikuwa na ufa mwembamba umeizunguka ile nguzo, nusu hatua kutoka nguzo yenyewe, ukucha unaingia. Nikapiga kelele vijana watoke wote chini, alafu tukarudisha mirunda kuanzia pembeni tukiingia ndani taratibu huku moyo unanidunda. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Mhandisi alipokuja akaamuru pachokolewe, tukakuta matundu, karatasi la mfuko, na chini yake pumba za mbao zimetanda juu ya kichwa cha nguzo, maana tulikatia mbao pale pale juu na hakuna aliyezisafisha kabla ya zege. Yaani slabu na nguzo vilikuwa havijashikana, katikati kulikuwa na pumba. Zile mbao nilifunga mimi.

Kuhusu siku za kutoa mirunda nawaomba wenye majengo mnielewe. Zege linakomaa kwa joto, likipata baridi linachelewa. Ule mwongozo wa Kiingereza wa BS 8110 ambao wahandisi wengi wameusomea ulisema kwa saruji ya kawaida mirunda ya slabu ikae siku 10 kama zege lina nyuzi 16 au zaidi, ila likiwa na nyuzi 7 ikae siku 15, na ya bimu inatoka siku 14 inakuwa 21. Sasa nyuzi 7 ni asubuhi zetu za mwezi wa sita na wa saba, na Makete umande unaganda kabisa kwenye majani. Ya Dar ni ya Dar! Mtu anayehesabu siku za Kariakoo akiwa Njombe anacheza na maisha ya watu.

Na haya hayajaanzia kwetu. Marekani, jimbo la Virginia, tarehe 2 Machi 1973, kwenye jengo la Skyline Plaza lililokuwa linajengwa walitoa mirunda ya kushikilia slabu ya ghorofa za juu zege likiwa bado changa, slabu ikatobolewa na nguzo, ikaangukia ya chini yake na ile ikaangukia nyingine mpaka chini kabisa, wakafa mafundi 14. Korea Kusini duka kubwa la Sampoong pale Seoul liliporomoka tarehe 29 Juni 1995 likaua watu 502, lilikuwa na slabu bila bimu, nguzo zilipunguzwa unene na slabu ikakatwa kupisha ngazi za umeme. Na sisi Dar hatujasahau lile ghorofa la Machi 2013 lililoondoka na watu 36.

Hilo la kukata slabu linanikumbusha mafundi bomba. Mkishamaliza kumwaga anakuja mtu na nyundo na tindo anatafuta pa kupitishia bomba la choo, anachagua pembeni mwa nguzo kwasababu litajificha vizuri kwenye kona. Kaka zangu, hapo hapana. Ongeeni na mhandisi mapema, bomba liachiwe nafasi kabla ya zege, mbali na nguzo.

Siku hizi mimi nguzo moja naipa dakika arobaini. Nakwangua lile tabaka laini la juu mpaka nione kokoto, naosha pumba zote kwa maji kabla zege halijaja. Kwa chini naizungushia mkanda wa mbao mbili kwa mbili uliobana vizuri, ubao wa slabu unakalia hapo, kila upande unakatwa kwa kufuata nguzo ilivyo na siyo ilivyo kwenye mchoro, na kila upande unapata mrunda wake. Mwanya ukibaki naziba kwa ubapa wa mbao niliouchonga au sponji iliyobanwa, karatasi sitaki tena kuiona. Wenzangu wengine wanasema nachelewesha kazi.

Kwahiyo ombi langu kwa wahandisi wa halmashauri zetu kuanzia Iringa mpaka Songwe: njooni mara mbili. Mara ya kwanza mbao zikishafungwa, mkague kwa chini na tochi siyo kwa juu tu. Mara ya pili mbao zikishavuliwa na kabla plasta haijagusa chochote. Na wewe mwenye jengo, kama slabu yako imemwagwa wiki hii, nenda kesho asubuhi upite chini ya mirunda nguzo moja moja, uangalie kama kuna michirizi ya uji wa saruji imeshuka na nguzo. Ukiiona hapo, usiruhusu mrunda ata mmoja utoke kabla mhandisi hajafika.

Fundi seremala wa majengo,
Uyole, Mbeya